Kabla Hujalipia Hiyo Almasi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na pongezi. Nimefurahi sana kusikia umepata mwenzi na unataka kumvisha pete ya almasi. Uliniuliza ununue ya karati ngapi. Nimeona nikuandikie, maana swali hilo ndilo wauzaji wanalopenda kuanza nalo, na mimi nataka wewe uliweke mwisho.

Karati ni kipimo cha uzito. Karati moja ni gramu 0.2 tu, na uzito huo unaweza kukaa mahali usipoonekana. Almasi ya duara ya karati moja, iliyokatwa vizuri, huwa na upana wa karibu milimita 6.5. Ukiletewa ya karati moja yenye milimita 6, ujue nyama yote imebaki chini, ndani ya pete, nawe utailipia. Tena bei hupanda ghafla uzito ukifika karati kamili. Jiwe la 0.92 na la 1.00 yakiwa kidoleni ni vigumu kuyatofautisha kwa macho, lakini mfukoni utaiona tofauti.

Fedha zako zitangulie kwenye mkato. Rangi na usafi almasi huzaliwa nazo. Mkato ni kazi ya fundi, na ndio unaolifanya jiwe liwake. Mwanga huingia kwa juu, hugonga nyuso za chini, kisha hurudi kwenye jicho lako. Fundi akiliacha jiwe nene mno, mwanga huvuja chini na katikati hubaki giza. Akilifanya bapa mno, utaona duara la kijivu ndani yake, na jiwe zima linapooza. Marcel Tolkowsky, mhandisi kutoka ukoo wa wakata almasi, alipiga hesabu za pembe hizi na kuzichapisha mwaka 1919, na mpaka leo mafundi wanazirejea. Kwenye cheti cha GIA, taasisi ya Marekani inayopima almasi, mkato wa almasi ya duara hupewa daraja moja kati ya matano. Chukua la juu kabisa, hata kama itabidi upunguze karati. Usiamini taa za dukani, maana zimewekwa ili kila kitu kimetemete. Omba uisogeze almasi dirishani, kisha uikinge kwa kiganja. Iliyokatwa vizuri itaendelea kuchezacheza hata kivulini.

Rangi hupimwa kwa herufi, kuanzia D isiyo na rangi hadi Z yenye umanjano unaoonekana wazi. Wapimaji hulilaza jiwe kifudifudi na kulilinganisha na mawe ya mfano, kwa sababu likitazamwa kwa juu mng'ao huficha rangi. Basi na mkeo akiivaa mtaitazama kwa juu! G au H inatosha kabisa. Kama pete ni ya dhahabu ya njano, hata J haitakuaibisha.

Usafi una madaraja 11, kuanzia FL isiyo na doa hadi I3 yenye madoa yanayoonekana wazi, na hupimwa kwa lenzi inayokuza mara 10. Mkeo hatatembea na lenzi. Tafuta jiwe ambalo jicho tupu halioni doa. Mengi ya VS2, daraja la katikati, yako hivyo, na baadhi ya SI1, linalofuata chini yake, pia. Ila usisome daraja peke yake, uliza doa liko wapi. Chembe nyeusi katikati ya uso wa juu itakukera kila siku, wakati iliyo pembeni huweza kufunikwa na kucha ya pete, kile kijino kinacholishika jiwe. Ufa unaofika ukingoni uuogope, maana hapo ndipo jiwe linaweza kumeguka likigongwa.

Sasa cheti. Kitoke maabara isiyouza mawe. GIA, iliyoanzishwa mwaka 1931, ndiyo iliyotunga madaraja haya ninayokueleza. Karatasi aliyoandika muuzaji mwenyewe ni maneno ya muuzaji. Soma kama jiwe limetoka ardhini au limekuzwa maabara. La maabara ni almasi kweli, ni kaboni ile ile, na kwa macho hutalijua. Sioni ubaya wowote ukilichagua, mradi ulipe bei yake, ambayo ni ya chini sana, na usitarajie kuliuza baadaye kwa faida. Soma pia kama nyufa zake zimejazwa. Kama zimejazwa, jiwe hilo usilinunue, kwani moto wa sonara siku ya kurekebisha pete unaweza kuuharibu ujazo huo.

Lione jiwe kabla halijafungwa kwenye pete. Mawe mengi yenye cheti huchorwa namba kwa leza ukingoni, ndogo mno kwa jicho tupu. Omba lenzi, ligeuze polepole mpaka uipate, ulinganishe tarakimu moja moja na za kwenye cheti, ndipo utoe fedha.

Nakupenda sana,
Mama yako