"Bado" si neno moja kwa Kiingereza

Mhariri,

Orodha nyingi za msamiati humpa mwanafunzi wa Kiingereza mstari mmoja tu: bado, "still, yet". Ule mkato wa katikati ndio unaoponza, kwa sababu mwanafunzi huyaona maneno hayo kuwa pacha na kuokota lolote.

"Still" ni la jambo linaloendelea: "She is still sleeping", bado amelala. "Yet" ni la jambo linalosubiriwa, kwa hiyo makao yake ni kwenye kukanusha na kuuliza: "She hasn't arrived yet", hajafika, "Has she arrived yet?", ameshafika? Tazama vizuri mifano hii miwili. Neno "bado" halimo kabisa. Kazi imefanywa na -ja- na -sha-. Anayetafsiri neno kwa neno hatalikumbuka "yet" hapo hata siku moja. Ni afadhali afundishwe kukitazama kitenzi kwanza.

Mahali pa kuyaweka nako kuna mitego. "Yet" kwa kawaida hukaa mwishoni. "Still" hutangulia kitenzi kikuu, "He still works here", lakini hufuata "is", "are" na wenzake: "He is still here". Kitenzi kisaidizi kikikanushwa, "still" hurudi mbele yake: "He still hasn't paid". Sentensi hiyo na "He hasn't paid yet" zote ni "bado hajalipa", ila ya kwanza ina manung'uniko ndani yake, kana kwamba mtu amechoka kungoja. Ya pili inaarifu tu. Anayemwandikia mteja kumkumbusha deni achague ya pili.

Kosa linalosikika zaidi ni la jibu fupi. Mtu anaulizwa "Have you finished?" anajibu "Still", au "Yet". "Still" likisimama peke yake humwacha msikilizaji akingoja sentensi iishe, na "yet" halisemi lolote. Jibu ni "Not yet", maneno mawili, bila kupunguza. Na "bado kidogo" ni "almost"; "bado dakika tano" ni "five minutes left". Humo "still" na "yet" hazina kazi.

Wanaotunga orodha hizo waufute mkato. Waandike mistari mitatu, "still", "yet" na "not yet", kila mmoja na sentensi yake.

Mwalimu wa Kiingereza