Ncha zilizolegea ni za nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha Kiingereza miaka 31, na sasa nanunua dagaa na kuwaanika hapa Mwaloni Kirumba. Gazeti lako hulisoma kwa sauti kila asubuhi, maana mzee anayeshona nyavu jirani na chanja zangu macho yake siku hizi yanaukubali uzi tu, maandishi hayayataki.

Wiki iliyopita nilimsomea habari ya biashara, kwamba mkurugenzi wa kampuni fulani "anafunga ncha zilizolegea kabla ya kufungua tawi jipya". Mzee akasimamisha sindano.

"Mwalimu, hao nao wana mitumbwi?"

Nikamwambia hapana, baba, wanauza bima.

"Sasa kamba za nini?"

Nilicheka, lakini aibu ikanishika mimi, kwa sababu najua sentensi hiyo ilikotoka. Kiingereza chake ni "tying up loose ends", na mwandishi wako ameibeba nzima nzima akaja kuitua kwetu. Mwingereza akisema hivyo hana habari na kamba. Anachosema ni kwamba kuna vitu vidogo vidogo vimebaki: saini moja haijawekwa, fundi hajamaliziwa hela yake, barua ya mtu haijajibiwa. Anavimalizia ili shughuli iishe. Wengi wanaoeleza asili ya msemo huu huurudisha kwenye merikebu za tanga, ambako ncha ya kamba ilizungushiwa uzi mwembamba isije ikafumuka.

Nilipomweleza mzee hivyo, hakubishana. Alichukua kipande cha kamba ya nailoni, akakikata kwa kisu, akakiacha mkononi. Nyuzi zikaanza kuachana zenyewe, kwanza tatu, kisha kila moja ikatawanyika kama nywele. Akawasha kiberiti, akaisogeza ncha motoni mpaka ikayeyuka na kuwa nyeusi, akaibana kwa vidole alivyovilowesha mate. Ikaganda, ngumu kama kifungo cha koti. "Hapa nimefunga nini?" akaniuliza. "Na kilicholegea kilikuwa kipi? Ilifumuka tu." Ndiyo kusema hata kwa mtu wa kamba mwenyewe tafsiri yenu haipiti: kinacholegea ni fundo, ncha hufumuka.

Neno tunalo, Mhariri, na wewe mwenyewe unalichapa. Fungua ukurasa wako wa michezo. Simba au Yanga wakisafiri kwa mechi za Afrika, mechi zao za ligi huahirishwa, na wakirudi mnaandika kwamba wana viporo viwili, vitatu. Hakuna msomaji anayeuliza viporo gani. Ni ugali wa jana uliobaki sufuriani, asubuhi unamegwa na maziwa mgando. Haujaharibika wala haujaisha, unamsubiri mlaji. Bungeni nako kila msimu wa bajeti tunasikia miradi viporo. Mtaani kwetu lipo boma la darasa ambalo wazazi tulilichangia matofali. Lilifika kwenye lenta likasimama hapo. Ndani umeota mpapai, umeshazaa, na watoto wanauchuma mapapai yakiwa mabichi. Ukimwambia mtu wa mtaa wetu kwamba hicho ni kiporo, hahitaji maelezo. Mwambie ni ncha iliyolegea, atatazama juu kuona kama kuna bati linalotaka kuanguka.

Nitakuudhi kidogo. Jioni moja nilimfuata mjukuu wangu kwenye kibanda cha video. Ilikuwa filamu ya Marekani ya majambazi, na kijana mwenye kipaza sauti alikuwa akiitafsiri hapo hapo. Jambazi mkuu akatamka kwamba anataka "to tie up loose ends", ambayo katika filamu za aina ile maana yake ni shahidi aliyebaki naye auawe. Yule kijana hakusita hata sekunde: "Bosi anasema kimebaki kiporo kimoja." Kibanda kizima kikaguna, na mmoja nyuma akasema, "Kaisha huyo!" Kijana yule anatafsiri huku risasi zinalia na watu wanakula karanga. Mwandishi wako ana meza, kiti na kamusi.

Sisemi kiporo kipachikwe kila mahali. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, ziko familia ambazo hazikupata mwili wa kuzika. Kuna mama mmoja hapa sokoni, hadi leo anasema kwao matanga hayajaanuliwa. Mwandishi wa Kiingereza anaweza kulileta hata hapo lile neno lake la "loose end", na kwao pengine likakubalika. Ukiniandikia kiporo mahali hapo nitalikunja gazeti na kulifungia dagaa. Mama yule ameshapata neno lake, tena angalia, matanga ni yale yale ya chombo.

Sasa kuna kosa la pili, na hili mimi kama mwalimu ndilo lililonikosesha usingizi. Ni ile makala mliyotafsiri kuhusu vijana wa London, mkasema "wako kwenye ncha iliyolegea". Huo ni msemo mwingine kabisa, ingawa maneno ni yale yale. Mwingereza akisema yuko "at a loose end", kwa umoja, maana yake kwa wakati huo hana la kufanya. Mmarekani hulitia kwenye wingi, "at loose ends", na kwake laweza pia kumhusu mtu aliyepoteza mwelekeo, tuseme ameachishwa kazi na hajui aanzie wapi. Hapo hapana kiporo. Mwenye viporo ana kazi inayomngoja. Huyu hana hata hicho cha kumalizia. Wanafunzi wangu waliukosea msemo huu mwaka hadi mwaka, wakidhani ni mtu aliyefika mwisho wa uwezo wake, kwa sababu ya hilo neno "end" ambalo kwetu ni ncha na pia ni mwisho. Niliwapiga kalamu nyekundu, na wewe leo nakupiga.

Kiswahili chake kipo hapa mchangani, na kina majira. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za sola. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina nguvu ya kuwakusanya dagaa, basi mitumbwi hupandishwa ufukweni na vijana hubaki wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Mmoja atakaa ubaoni tangu saa tatu asubuhi. Ukimuuliza habari, hainui hata kichwa: "Nipo nipo tu, Mwalimu, mpaka giza." Hiyo "nipo nipo tu" ndiyo waliyokuwa nayo wale vijana wa London, na ingetosha kabisa kwenye kichwa cha habari.

Mwandishi wako akipata safari ya Mwanza, aje siku hizo za mbalamwezi. Watampa kiti na watamjibu lolote atakalouliza kuhusu kamba. Giza likishaingia hatapata wa kuongea naye, na mzee atakuwa na nyavu za watu kumi mbele yake, kila mmoja anataka yake kabla ya magharibi.

Mwalimu mstaafu,
Mwaloni Kirumba, Mwanza