Tuchangie Kazi ya Meli Iliyozama, Kabla Haijatutoka

Ndugu wapenzi wa bahari,

Tunabisha hodi kwenu kuomba mchango. Sisi ni kikundi cha kujitolea: wapiga mbizi, wavuvi, walimu na vijana wa shule. Kwa misimu minne tumekuwa tukipima na kupiga picha mabaki ya meli ya zamani, pamoja na viumbe walioyafanya makazi. Kila kitu tumegharamia wenyewe, na sasa tumefika mahali ambapo mifuko yetu haitoshi.

Ukizamia pale, meli huioni mara moja. Unachokiona kwanza ni wingu la samaki wadogo. Linapopasuka, jicho linanasa safu ya mbao zilizotoka mchangani kwa nafasi sawasawa, na hapo unajua kwamba hayo ni mataruma, yaani mbavu za meli. Mbele kidogo umelala mzinga wa vita. Mdomoni mwake anaishi mkunga, samaki mrefu kama nyoka, kichwa nje, kinywa kikifunguka na kufumba. Mzinga umevikwa ganda gumu la kutu na chokaa, na juu ya ganda hilo matumbawe yameshika. Ukilibandua ili usome alama kwenye chuma, umemfukuza mkunga, na vilevile umekiacha chuma wazi kianze kuliwa upya. Kwetu sisi, anayechunguza meli bila kuwaangalia viumbe wake amechunguza nusu.

Somo hilo tulilipata kwa uchungu. Siku za mwanzo, mwenzetu mmoja alipanda na msumari mkubwa wa chuma, tukauweka rafuni kwa fahari. Miezi michache baadaye ulipasuka tabaka kwa tabaka, ukabaki unga mwekundu. Chuma kilichokaa baharini kimejaa chumvi ndani. Kikikauka bila kutolewa chumvi hiyo polepole ndani ya maji yenye dawa, kinajiharibu chenyewe. Tangu siku ile hatuondoi kitu. Tunapiga picha, tunapima, tunaacha.

Mbao nazo zina adui wake: chaza mwembamba kama mnyoo, anayetoboa na kula mti hadi ubaki kama sega la nyuki. Meli ya Vasa, iliyozama Stockholm mwaka 1628, ilipandishwa ikiwa karibu nzima mwaka 1961 kwa sababu maji ya pale hayana chumvi ya kumtosha chaza huyo. Kwenye maji ya joto kinachosalimika ni kile kilichofunikwa na mchanga. Ndivyo ilivyokuwa kwa Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, mwaka 1697. Wataalamu walipomaliza kuichimba, kati ya 1977 na 1980, waliamua kuufukia mwili wake tena hapo hapo. Uamuzi ule tunauheshimu sana.

Wala si kila meli iliyozama ni neema. Katika visiwa vya Line, Bahari ya Pasifiki, chuma cha meli zilizokwama juu ya miamba hai kilistawisha mwani na bakteria, matumbawe yakafa na mwamba ukageuka mweusi. Kwa hiyo hatutaki kusifia tu wingi wa samaki. Tunarudi kwenye miraba ile ile ya kupimia kila msimu na kuhesabu: nani kaongezeka, nani katoweka, mbao ipi imefunuliwa na mkondo.

Tunachohitaji kwanza kabisa ni boya la kudumu la kufungia vyombo, pembeni mwa mabaki. Msimu uliopita chombo kimoja kilitupa nanga juu ya meli. Ilipovutwa ilivunja tumbawe pana kama meza na kung'oa taruma moja ambalo tulikuwa tumelipima mara tatu. Nahodha hakukusudia, hakukuwa na alama yoyote ya kumwonya. Boya moja lingezuia hasara hiyo. Baada ya hilo tunahitaji kamera yenye kasha lisiloingiza maji na taa mbili, ili maelfu ya picha ziunganishwe na kompyuta kuwa umbo kamili la meli, na fedha za mafuta ya boti, kujaza mitungi ya hewa na kuwafunza vijana sita kupiga mbizi kwa usalama.

Mchango wowote utapokelewa na mweka hazina wetu kwa stakabadhi, na hesabu itasomwa mbele ya wachangiaji wote msimu ukifungwa. Asiye na fedha anaweza kutupa vifaa vilivyotumika: miwani ya mbizi, tochi, kompyuta. Na kama nyumbani mna picha ya zamani iliyopigwa kwenye mabaki haya, hata kama imefifia, tuleteeni tuinakili. Inaweza kutuonyesha ubavu wa meli ulisimama kimo gani kabla sisi hatujaanza kupima.