Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: anayechoma filla awe na dawa ya kuiyeyusha

Mheshimiwa Waziri,

Salamu sana kutoka Kansanga, hapa Kampala. Mimi ni mpambaji wa maharusi, mekapu na nywele, na nimeamua kukuandikia hapa wazi kwa sababu ningeleta bahasha pale Lourdel Road Nakasero ingelala kwa meza ya karani, na hili jambo halitaki kulala.

Siku hizi bi harusi akijiandaa kwa kwanjula, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, haulizi gomesi, ile gauni yetu ya sherehe, na ushanga tu, anauliza na filla, ile ya kuchomwa kwa sindano kujaza uso. Anataka midomo ijae, pua inyooke, mashavu yapande, kidevu kichongoke, na anataka iwe imetulia kabla ya siku ya picha. Hadi masenga wengine, yaani mashangazi, wanachangia hela, bambi. Mimi sipingi mtu kujirembesha, hiyo ndiyo posho yangu, na filla ikichomwa na mtu aliyesoma wengi wanavimba siku chache, wanapata vialama vya damu pale sindano ilipopita, halafu yanaisha. Ninayosema hapa ni yale mengine, yale ambayo kwenye TikTok hayaonyeshwi.

Mtoto wa dada yangu alichomwa midomo kwenye chumba kimoja juu ya duka, sitasema mtaa wala jina. Palepale upande mmoja wa mdomo wa juu ukawa mweupe na maumivu yakaanza, siyo yale ya sindano, yanapanda tu. Akaambiwa ni kawaida, weka barafu, rudi kesho. Usiku akanipigia, mama mdogo ngozi imekuwa ya zambarau imejichora kama wavu mpaka karibu na pua. Sasa Mheshimiwa, kila mtu aliyesomea hii kazi anajua hizo ni dalili gani: filla imeingia kwenye mshipa wa damu au imeubana kutoka nje, damu haipiti, na ngozi iliyo mbele ya hapo inaanza kufa. Barafu ndiyo kabisa haitakiwi, maana inafanya mishipa ijikaze zaidi, wenyewe wanatumia kitambaa cha joto na kukanda huku dawa inaandaliwa.

Na dawa ipo! Hilo ndilo linaloniuma. Filla nyingi zinazotumika duniani, kina Juvéderm na Restylane, zimetengenezwa kwa asidi ya hayaluroniki, na kuna kimeng'enya kinaitwa hayaluronidezi ambacho kikichomwa pale palipoziba kinaiyeyusha, kinarudiwa kila baada ya saa moja hivi mpaka damu irudi. Ikiwahi, ngozi inapona. Ikichelewa, kidonda, kovu, wakati mwingine nyama inakatika. Yule aliyemchoma mtoto wetu hakuwa nayo, na sidhani alikuwa amewahi kuisikia. Daktari tuliyempata kesho yake swali lake la kwanza lilikuwa amechomwa nini, na hakuna aliyejua. Hakuna boksi, hakuna stika, hakuna risiti, kuna meseji ya WhatsApp tu imeandikwa "lips full package". Mtoto amepona lakini mdomo una kovu na akicheka anaufunika kwa mkono.

Huyo ana bahati, naongea ukweli. Mishipa ya pua na ya katikati ya nyusi imeunganika na ile inayolisha jicho, mtu akisukuma sindano kwa nguvu filla inarudi nyuma mpaka kwenye jicho na mteja anapofuka akiwa bado amelala kitandani. Mwaka 2015 madaktari walikusanya ripoti za dunia nzima wakapata watu 98 waliodhurika macho baada ya kuchomwa filla usoni, wengine walichomwa mafuta ya mwili wao wenyewe, na mapitio yaliyofuata mwaka 2019 yakaongeza 48. Utasema ni wachache ukilinganisha na mamilioni wanaochomwa, sawa, lakini hao ni wale walioandikwa na madaktari kwenye majarida, na wengi wao jicho halikurudi. Jicho likikosa damu wataalamu wanahesabu kama dakika 60 hadi 90 tu kabla ya uharibifu wa kudumu. Mheshimiwa unaijua jam ya Kabalagala saa kumi na moja jioni, hata boda hapiti. Huyo mtu atafika hospitali ya Mulago saa ngapi? Na akifika, hiyo dawa atachomwa na nani?

Halafu kuna silikoni ya maji. Hii ndiyo inaniogopesha zaidi kwa sababu ni rahisi, na anayechomwa hawezi kutofautisha kwa macho. Silikoni haiyeyuki, hayaluronidezi haiifanyi chochote, inabaki mwilini maisha yote, inahama, inafanya vinundu vigumu ambavyo vinaweza kujitokeza miaka baadaye, na kuitoa ni kisu, tena haitoki yote. Wamarekani kupitia FDA, mamlaka yao ya chakula na dawa, hawajawahi kuikubali kama filla ya uso au ya makalio na wametoa onyo wazi. Mwaka 2021 wakaonya pia kuhusu zile kalamu zisizo na sindano ambazo zinasukuma filla kwa presha, unanunua mtandaoni unajipiga mwenyewe nyumbani ukiangalia video. Waingereza nao tangu Oktoba 2021 ni kosa kumchoma filla ya urembo mtu wa chini ya miaka 18 kule England. Sisi hapa nimeona wasichana wa sekondari wakiulizia bei.

Na hata filla nzuri inaweza kuleta shida polepole. Vijidudu vikiingia na sindano chafu vinajificha ndani ya filla, miezi inapita, mtu anapata mafua au anang'olewa jino, uso unavimba ghafla anadhani amelogwa. Anapelekwa kwa maombi, anapewa piritoni, hakuna anayemuuliza kama aliwahi kuchomwa kitu usoni na yeye mwenyewe anaona aibu kusema mbele ya mume.

Sasa ombi langu. Najua jibu la haraka litakuwa tufunge, tukamate, polisi wapite masaluni wabebe watu na kamera za televisheni. Tafadhali msifanye hivyo. Krimu za kuchubua zenye zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na bado ukienda madukani Kikuubo unazipata chini ya kaunta. Mkifukuza wachomaji watachoma vyumbani usiku na mtu akiharibika ndiyo hatathubutu kwenda hospitali kabisa.

Mimi naomba kitu kimoja ambacho hata mteja mwenyewe anaweza kukikagua: asiye na hayaluronidezi mezani, na asiye na mafunzo ya kuitumia, asichome filla. Mafunzo nayasema makusudi kwa sababu hiyo dawa nayo kuna watu inawapa mzio mkali, siyo ya kumpa msusi tu aweke kwenye droo. Na boksi lifunguliwe mbele ya mteja, stika yenye jina na bechi namba apewe abaki nayo, basi. Hiyo stika ingetuokolea siku nzima sisi.

Sheria nyingine mnazo. Dawa zina NDA, mamlaka ya dawa, krimu zina UNBS, shirika la viwango, madaktari wana baraza lao. Filla Marekani inahesabiwa kama kifaa cha tiba, kwa jicho la muuzaji wa hapa ni kipodozi, kwa jicho la daktari ni tiba, na sisi wa mtaani hatuoni mtu akija kukagua. Wewe ndiye unaweza kuwakalisha meza moja ukasema hii ni ya fulani, kuanzia leo. Na ile fomu ya NDA ya kuripoti madhara ya dawa, waambieni watu wazi kwamba na filla inapokelewa, hata kama aliyechoma hana leseni, na kwamba anayeripoti hatashtakiwa. Iwekwe na kwa Kiswahili, huku Busia nilikozaliwa na kule Arua wengi wataielewa haraka kuliko ya Kiingereza.

Na dozi za hayaluronidezi zikae emajensi, siyo stoo inayofungwa saa kumi na moja. Mulago kwanza, halafu Mbarara, Mbale, Gulu, Arua. Msimu wa harusi wa Desemba unajulikana, naomba ziwe zimefika kabla.

Wako,
Mpambaji wa maharusi, Kansanga