Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu Wanachama,

Kwa niaba ya Kamati ya Utendaji nawakaribisha nyote, mliofika kwa wakati na mnaoendelea kuingia. Shughuli za kawaida mnazijua: vikao vya kila mwezi vilifanyika pale ukumbi ulipopatikana, maonyesho ya ramani za zamani yalifana, shule mbili zilitembelewa, na tulishirikiana kwenye misiba na sherehe. Katibu ana muhtasari, atakayeuhitaji amwone.

Nitumie muda wangu kwa jambo lililozua maneno mengi, yaani ramani ya ukutani ya Rasi ya Antaktika, ule ulimi wa bara la barafu la kusini unaoelekea Amerika ya Kusini.

Kuichagua rasi hiyo hakukuwa uamuzi wangu. Mkutano huu huu ulipitisha mwaka jana, kwa kura, kwamba baada ya ramani za mabonde na maziwa yetu tutoe moja ya nchi za barafu. Wanaouliza leo kwa nini tusichore barafu ya Kilimanjaro inayoisha machoni petu wana hoja nzuri, lakini siku ya kura hawakuwapo.

Lawama ninayobebeshwa ni ya kusimamisha uchapaji. Naomba nieleze, kwa kuwa wengine wameisikia nusu. Rasimu ya kwanza ilinakiliwa kutoka ramani ya zamani ya Waingereza, iliyotegemea picha za anga walizopiga kati ya 1955 na 1957 kwa ndege zilizoruka kutoka Deception Island. Ni kazi ya kupendeza na sina neno nayo. Nilipoletewa nakala ya majaribio niliiweka mezani, nikafuata pwani ya mashariki kwa kidole, upande wa Bahari ya Weddell. Bamba la barafu la Larsen, yaani barafu nene inayoelea baharini ikiwa imeshikamana na nchi kavu, lilikuwa zima, limetandazwa kwa rangi nyeupe kuelekea kaskazini bila pengo. Kumbe sehemu yake ya kaskazini, Larsen A, ilivunjika Januari 1995. Larsen B, kilomita za mraba zipatazo 3,250, eneo linalokaribia Unguja mbili, ilisambaratika mwaka 2002 kwa muda wa wiki chache tu. Larsen C ipo, lakini Julai 2017 ilimegeka kipande cha kilomita za mraba 5,800 hivi. Kisiwa cha James Ross tulikuwa tumekiunganisha na rasi kwa barafu ambayo haipo tangu 1995. Na kilele kirefu kuliko vyote tuliandika Mount Jackson, mita 3,184, ilhali vipimo vya setilaiti vilivyotangazwa 2017 viliipa Mount Hope mita 3,239.

Nikasimamisha mtambo. Mchoraji akalipwa upya kuichora pwani yote ya mashariki kwa kufuata takwimu za Kamati ya Kisayansi ya Utafiti wa Antaktika, ambazo hutolewa bure. Aliyezitafuta takwimu hizo ni mimi, usiku, kwa bando langu, na sijadai hata shilingi.

Imesemwa kwamba tofauti hiyo ni ndogo, mtoto wa shule hataiona. Ndugu zangu, tukumbuke habari za rasi hiyo hiyo. Mwaka 1928 Hubert Wilkins aliruka juu yake kwa ndege, wa kwanza kuiona kutoka angani, akaona mabonde yaliyojaa barafu na kudhani ni milango ya bahari. Wachora ramani wakamwamini, rasi ikakatwa vipandevipande kwenye karatasi ikawa funguvisiwa. Ilibidi John Rymill na wenzake, katika msafara wa 1934 hadi 1937, waende kwa sileji, vyombo vya kuteleza juu ya theluji vinavyovutwa na mbwa, ndipo ikajulikana kwamba milango hiyo haipo na nchi ni moja. (Wilkins na Rymill wote ni Waaustralia, kwa hiyo hapa hakuna ugomvi wa taifa.) Wilkins alikuwa na udhuru, alikuwa juu na dirisha dogo. Sisi tungejitetea kwa lipi?

Kuhusu kisiwa cha Alexander, mjumbe mmoja alilalamika kwamba kati yake na rasi hakuna maji, kumechorwa nyeupe tu, basi kinaitwaje kisiwa? Nyeupe ile ni barafu iliyoziba mlango wa George VI, na bahari iko chini yake. Baharia wa Urusi, Bellingshausen, alikiona mwaka 1821, na haikuthibitishwa kuwa ni kisiwa mpaka 1940, Wamarekani Ronne na Eklund walipopita kwa sileji. Ukichora maji ya buluu pale utakuwa umedanganya. Mstari wa nukta ndio jibu, na nilisimama nyuma ya mchoraji mpaka ukawekwa.

Majina nayo yalileta kelele. Chile huiita Tierra de O'Higgins, Argentina Tierra de San Martín, na Uingereza na Marekani walikubaliana mwaka 1964 kutumia Rasi ya Antaktika, kaskazini Graham Land na kusini Palmer Land. Tumetumia hayo, na mawili ya kwanza yako pembeni kwa herufi ndogo. Mkataba wa Antaktika wa 1959 wenyewe umeyaweka kando madai ya umiliki. Chama chetu hakitayaamua.

Sasa wanaosema niliamua peke yangu. Niliitisha Kamati mara mbili. Wajumbe ni tisa, wakaja wanne mara ya kwanza na watatu mara ya pili. Akidi ni watano. Mchapaji alikuwa anasubiri na karatasi ziko mezani. Katiba yetu inampa Mwenyekiti mamlaka ya dharura, nami niliyatumia. Wajumbe waliokosa vikao hivyo ndio walioandika barua ya malalamiko, tena wakaisaini wote.

Fedha: ada 930,000, mauzo ya ramani ya mwaka jana 1,140,000, salio la nyuma 1,215,000, jumla 3,285,000. Matumizi: uchoraji mara mbili 800,000, chapa nakala 200 kwa 1,900,000, ukumbi, chai na nauli 470,000. Tumebaki na 115,000. Wanachama ni 84, waliolipa ada ni 31. Hao 53 wangelipa, tungekuwa na 1,590,000 zaidi na hakuna ambaye angeulizia gharama ya mchoraji. Mhazini amechoka kupiga simu, nami nimechoka kuambiwa "mwisho wa mwezi, Mwenyekiti".

Mwakani, Mungu akipenda, tunatarajia kutoa toleo dogo la mezani, kuzifikia shule zaidi, na ikiwezekana kupata mfadhili. Kilimanjaro nayo itafikiriwa.

Nakala zimefungwa kwa Mhazini, pale mlangoni. Mwanachama hupewa moja bure akionyesha risiti ya ada ya mwaka huu.