Bima ya afya ya hiari haijitoshelezi

Mhariri,

Wako wanaopinga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kwa hoja kwamba mtu mzima asilazimishwe kulipia ugonjwa ambao hajaupata. Hoja hiyo ingekuwa na uzito kama hiari isingekuwa imekwisha kujaribiwa nchini Tanzania. Mfuko wa Afya ya Jamii ulianzia wilayani Igunga mwaka 1996 ukiwa wa hiari, na haukuweza kuwavuta wananchi walio wengi. Toto Afya Kadi nayo, bima ya hiari ya watoto iliyotozwa shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilifikia mahali ambapo mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulisitisha usajili wa mtoto mmojammoja na kutaka watoto waandikishwe kupitia shule, kwa maelezo kwamba wengi waliosajiliwa walikuwa tayari wagonjwa. Siwalaumu wazazi waliosubiri mtoto augue ndipo wamsajili (nani asingefanya hivyo?), lakini mfuko unaochangiwa na wagonjwa peke yao hauwezi kulipa hata madai ya hospitali.

Naunga mkono ulazima, ila kwa sharti moja. Serikali inayomlazimisha mkulima kuchangia inawajibika kuhakikisha dawa zipo katika zahanati ya kijiji chake, kwa sababu anayelipa kisha akaambiwa akanunue dawa duka la pembeni ameporwa, na hapo wanaodandia jasho la wengine ni wale waliopokea mchango wake. Wasio na uwezo nao watambuliwe kabla michango haijaanza kudaiwa.

Msomaji wenu,
Dodoma