Usinunue chujio kwanza

Usa River, Arusha

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako na kwa baba watoto. Sisi huku hatujambo, na habari kwamba mnahamia huku imetufurahisha mno.

Umeniuliza kama ununue chujio la maji huko Dar kabisa kabla hamjapakia mizigo. Usinunue kwanza. Tujue maji ya nyumba mtakayopanga yana nini.

Huko mlipo, hofu kubwa ni matope na vijidudu. Ukichemsha na kuchuja, roho inatulia. Huku kuna floraidi, aina ya madini inayotoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru. Haionekani wala hainuki. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa, matamu mdomoni, na bado yakapita mbali kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Ukiyachemsha, mvuke unakwenda zake na floraidi inabaki sufuriani, imekolea zaidi. Chujio la mshumaa wa udongo hunasa matope na bakteria, lakini floraidi imeyeyuka majini, hupenya tu. Mtu anatoa hela yake, anajiona salama, kumbe mtoto anaendelea kunywa yale yale. Hilo linaniuma sana.

Namfikiria mwanao mdogo. Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya fizi tangu utotoni hadi kama miaka 8, na floraidi ikizidi katika kipindi hicho huyaharibu. Pale kwenye kata ya Maji ya Chai utakutana na watu wenye meno ya kahawia, na madoa yale mswaki hauyatoi. Ikizidi sana kwa miaka mingi hufika hata mifupani.

Chujio linaloiondoa lipo: la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwenye tanuri, husagwa chengachenga, na maji yakipita humo floraidi hunasa. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapa jirani, kimeifanya kazi hiyo miaka mingi. Ila mkaa ule huchoka, na kwa macho huwezi kujua umechoka lini. Lazima maji yapimwe tena na ubadilishwe. Kuna pia mashine zinazosukuma maji kwenye utando mwembamba sana. Zinafaa, lakini zinamwaga maji mengi.

Usiogope gharama. Kuoga, kufua na kudeki tumia ya bomba bila wasiwasi. Ya kunywa na kupikia ndiyo ya kuangalia. Nyumba yenye bati safi, mifereji na simtanki ni bora kuliko yenye vigae vya kung'aa, maana maji ya mvua karibu hayana floraidi. Hayo chemsha kama ulivyozoea. Na maharage usiyatie magadi, shoga yangu, kwani magadi ya huku nayo huwa na floraidi.

Kabla hamjalipa kodi, maji yapelekwe maabara ya maji, kwenye chupa safi ya plastiki. Itajeni floraidi kwa jina, msiulize tu kama maji ni salama, yasije yakapimwa vijidudu peke yake. Hata nyumba za karibu huweza kutumia vyanzo tofauti, kwa hiyo majibu ya jirani hayatoshi.

Nitumie jina la mtaa na namba ya mwenye nyumba, niende mwenyewe kuchota.

Wako akupendaye.